Tulinagwe Anarudi Makwale

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Tulinagwe Mwakalobo, Mshauri wa Siasa wa ubalozi wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kwa kawaida maneno haya huandikwa na watu wa utawala. Safari hii wenzangu wamenitupia mimi dereva, wakisema hakuna aliyekaa naye safarini kama mimi. Nimepokea kwa furaha, ingawa furaha yenyewe ina donge ndani yake.

Dada Tuli, kama tunavyomwita, ni mzaliwa wa Makwale, wilayani Kyela, kwenye familia ya wakulima wa mpunga na kakao. Alifundisha historia kwa miaka michache kule Mbeya kabla ya kuona tangazo la ubalozi kutafuta mkalimani. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kwa miaka miwili, akusanye nauli ya maisha, arudi. Mama yake, Bibi Marta, alimfungia mchele wa kumtosha mwezi mmoja. Mchele uliisha, miaka miwili ikaisha, na dada Tuli akawa bado yupo.

Alibaki kwa sababu alikuwa hodari. Mabalozi saba wamepita mikononi mwake. Kila mmoja alifika na vitabu vyake kuhusu Tanzania, na kila mmoja alijua thamani ya dada Tuli siku baraza la mawaziri lilipobadilishwa. Balozi mmoja, mgeni wa wiki mbili, alisikia wafanyakazi wakinong'ona kwamba mkeka umetoka, akamwagiza mpishi akauangalie mlangoni. Dada Tuli alimweleza, bila kucheka, kwamba mkeka huo ni orodha ya walioteuliwa na walioachwa. Alicheka baadaye, ndani ya gari, mpaka miwani ikamdondoka.

Lakini mikeka ile ilikuwa na bei yake. Nchi ya balozi ilitaka kujua siku hiyohiyo nani ameingia, nani ametoka, na maana yake ni nini. Kwa hiyo likizo ya dada Tuli ilikuwa kitu cha kuahirishwa. Mara ngapi nilimpeleka kituo cha mabasi nikageuza naye njiani! Mvua ikinyesha Dar, yeye husimama dirishani akitazama kwa dharau. "Hii si mvua, Nasibu," husema. "Haya ni manyunyu. Ingekuwa Kyela, sasa hivi tusingesikilizana." Kisha huegemea kioo, na mimi huwa najua mawazo yake yako wapi.

Siku ninayotaka kuiandika hapa ni ile ya Itungi. Kwa ruhusa yake naiandika.

Nchi ya Balozi Oswald, mmoja wa wale saba, ilikuwa imetoa mashua ya kubebea wagonjwa kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa, ambako kina mama wajawazito walikuwa wakivushwa kwa mitumbwi. Sherehe ya kuikabidhi ilipangwa bandarini Itungi, msimu wa mavuno ya mpunga, na Waziri mwenyewe alikuja kuipokea. Dada Tuli alikuwa hajamwona mama yake kwa zaidi ya mwaka. Aliomba kitu kimoja tu: sherehe ikiisha, apewe mchana huo akale Makwale. Balozi alikubali, hata akasema angependa kwenda naye. Bibi Marta alipopata habari alitafuta samaki aina ya mbasa, akachinja na kuku, maana hakujua mgeni wa mbali anakula nini.

Waziri alikuwa katikati ya hotuba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na magari. Simu moja ikalia, kisha ya pili, kisha naona vichwa vinainama kama watu wanaosali. Watu walisoma, wakamtazama Waziri, wakatazama chini. Msaidizi wake akamsogelea akampa simu. Akaisoma. Alivua miwani, akaikunja, akageukia maikrofoni.

"Ndugu zangu," alisema, "nimekuja hapa nikiwa waziri. Naambiwa narudi nikiwa mwananchi mwenzenu. Mashua hii ni yenu. Itunzeni."

Kina mama wa Itungi wakaanza kupiga vigelegele. Sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile, vya kumpoza mtu. Dada Tuli alimtafsiria Balozi kila neno kwa sauti ya chini. Balozi alimpa yule bwana mkono, akaushika kwa muda, kisha akatazama saa.

"Tunaondoka sasa hivi," alisema tulipofika garini. "Nataka kuwahi ndege ya jioni. Ripoti lazima iende leo."

"Mheshimiwa, mama ameshapika."

"Wiki ijayo, Tulinagwe. Utakuja wiki ijayo kwa gharama ya ubalozi. Nakuahidi."

Hakubisha. Kuanzia Itungi mpaka mjini Kyela alikuwa anasoma majina kwenye simu na Balozi anaandika. Yule ametolewa kwa sababu gani? Huyu ni mtu wa nani? Alijibu yote, tena vizuri. Tulipokaribia njia ya kwenda Makwale nilipunguza mwendo bila kuambiwa, nikamtazama kwenye kioo. Akatikisa kichwa. "Twende tu, Nasibu." Baadaye kidogo alipiga simu. "Mama, tumepitiliza," alisema. Sikusikia jibu. Nilimsikia yeye akimshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Mama. Ndaga," kama mtu anayepokea zawadi.

Wiki iliyofuata Balozi alikuwa anawatembelea mawaziri wapya ofisini, na dada Tuli alihitajika. Iliyofuata tena vilevile. Mpunga wa Makwale ulikuwa haujaisha kuvunwa pale kaka yake, Anyitike, alipopiga simu kwamba Bibi Marta amelala na hakuamka.

Balozi Oswald alikuja msibani. Hakuna aliyemtuma. Alikaa uani na wanaume tangu asubuhi, akala walichokula. Baada ya maziko aliomba kusema neno, akasimama, akageuka kutafuta mkalimani kama alivyozoea. Mkalimani alikuwa amekaa na wafiwa, amejifunga khanga kichwani. Nilitaka kujaribu mimi, lakini dada Tuli alishanyanyuka.

Balozi alisema, naye akatafsiri: siku ile mama huyu alinipikia sikuja. Nilidhani habari kubwa ya nchi yenu siku ile ni ya mawaziri. Nikaandika kurasa tatu, nikamnyima mtoto mama yake. Sina cha kulipa.

Dada Tuli akamalizia sentensi ya mwisho, "Naomba mnisamehe." Ndipo akakaa chini akalia, na Balozi akabaki amesimama peke yake mpaka Anyitike alipomfuata, akamshika bega, akamkalisha.

Tuliporudi Dar, Balozi aliagiza kwamba likizo ya mfanyakazi yeyote isivunjwe tena kwa sababu ya mabadiliko ya baraza. Agizo hilo linafuatwa hadi leo, na sote tunaonja matunda yake. Wawili hao walifanya kazi pamoja hadi Balozi alipoondoka nchini, na kila Krismasi Balozi huyo bado humpigia simu. Dada Tuli hakuwahi kumsema vibaya. Aliniambia tu mara moja, tukiwa kwenye foleni, "Nasibu, mimi njaa ya chakula kile haijaniisha."

Mwaka jana balozi wetu wa sasa alimwomba aongeze miaka miwili. Alishukuru, akakataa. Nyumba ya Bibi Marta imepauliwa upya, kakao imepaliwa, na mizigo imeshatangulia kwa basi. Anyitike anasema kila anayepita anauliza anafika lini.

Dada Tuli, asante kwa kazi, kwa subira, na kwa kutufundisha Kinyakyusa kidogo tunachokijua. Meza yako tumeifuta vumbi, lakini hakuna aliye tayari kuikalia. Sisi sasa ndio tutakaobaki tukitazama mvua dirishani. Nenda kapumzike kwenu. Mungu akupe afya, mavuno mema na majirani wa kula nao. Ndaga fijo.

Nasibu Chambo, Dereva
kwa niaba ya wafanyakazi wote