Maisha ya Bi Uzi, Mwenye Friji la Mtaa

Bibi yetu, ambaye wengi hapa mlimwita Bi Uzi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa tatu wa fundi bomba. Alisoma hadi darasa la nne tu. Mama yake alipougua aliachishwa shule alee wadogo zake. Daftari lake la hesabu alikuwa nalo mpaka juzi.

Mwaka 1969 aliajiriwa kiwanda cha nguo, kazi yake kuunga nyuzi zinazokatika mashineni, akaifanya miaka ishirini na mbili. Huko ndiko alikokutana na babu, fundi mitambo. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1973, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 1984 babu alinunua friji, la kwanza mtaani. Kabla ya hapo maziwa ya asubuhi yalikuwa yamechacha kufikia jioni. Majirani wakawa wanaleta vyao, na bibi akifunga kila chombo kipande cha uzi alichotoka nacho kazini: buluu wa mshonaji, mwekundu wa mke wa mchomeleaji. Siku moja huyo mke wa mchomeleaji alibeba sufuria isiyo yake, akairudisha tupu. Akasema, "Bi Uzi, mwambie mwenye mchuzi asihangaike kuutafuta. Kanizidi kupika, na mume wangu keshajua." Bibi alicheka hadi akakaa chini.

Babu alifariki mwaka 2003. Kufikia hapo kila nyumba ilikuwa na friji lake, hakuna tena aliyekuwa na sababu ya kupiga hodi. Bibi aliiacha rafu ya juu wazi, hakutaka iwekwe kitu. Chini zilibaki chupa zake za dawa ya sukari.

Tarehe 2 Februari 2021 alipata kiharusi. Asubuhi ya tarehe 19 alimwambia mjukuu aliyekuwa akiishi naye, "Mlango usiufunge. Mtu atakuja kuchukua maziwa yake." Mjukuu akauacha wazi tangu saa mbili. Hakuja mtu. Saa tisa alasiri bibi alikata roho, uso ukiwa umeelekea huko mlangoni. Alikuwa na miaka sitini na tisa.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Tangu msiba uanze mmeleta vyakula, tunashukuru. Friji limejaa hadi rafu ya juu. Ila vyombo havina uzi, na wa kutuambia kipi ni cha nani ndiye tunayemzika.

Apumzike kwa amani, na asiwe peke yake.