Marehemu Laurentia, Aliyekatiza Mbio Akaingia Msibani

Marehemu Laurentia alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, kijiji cha Msimbu, Kisarawe. Yasinta ndiye aliyemfuata ziwa, nao walilala kitanda kimoja mpaka walipoolewa.

Alisoma hapohapo kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1972. Kisha akashika jembe la mananasi. Aliyabeba kichwani hadi barabarani, na wenzake wakilalamika mwendo, aliwaambia, "Haya, kaeni. Mtakuta nimeuza."

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Sixtus, mlinzi wa mitambo ya maji Ruvu. Baba yake aliuliza, "Kijana analinda nini?"

"Maji, baba."

"Yana miguu hayo?"

Posa ilipokelewa hivyohivyo. Wakajenga Visiga, Mungu akawapa Deogratias na Aneth.

Mwaka 2017 Yasinta alipata saratani kulekule Msimbu. Alilia kwa maumivu hadi mwisho, na dada yake hakuwa na cha kumpa ila mkono wa kushika. Baada ya matanga, Laurentia alisikia habari za Stellamaris, muuguzi wa tiba shufaa pale Kibaha. Huyo huwafuata majumbani wagonjwa wasio wa kupona, akawapa dawa ya kutuliza maumivu. Kisarawe alikuwa hafiki, maana hakuwa na usafiri.

Juni 2019 ikatangazwa marathoni ya kumchangia pikipiki, kutoka Ruvu hadi Maili Moja. Laurentia akajiandikisha, na umri wake miaka sitini na mmoja. Wafanyabiashara wa Mlandizi walicheka, wakasema akifika mwisho watachangia.

Mumewe alimwambia, "Mama Deo, utafia njiani."

"Basi mnizike na raba zangu."

Alikimbia kama alivyolelewa. Hakuna mzee wa kibarazani aliyekosa shikamoo yake. Alipofika Visiga akakuta turubai la msiba. Wakimbiaji wengine walipita. Yeye alifungua kanga kiunoni, akajitanda, akaingia kuwapa pole wafiwa, akaketi mkekani na akina mama. Jirani yake, Bi Kudra, alikuwepo.

"Laurentia, wewe si uko mbioni?"

"Niko mbioni. Lakini msiba haupitwi, Kudra."

"Pole yako tumeipokea. Inuka sasa, miguu isije ikagoma."

Aliinuka akichechemea. Bi Kudra na wanawake watatu wakainuka naye, wakasema aliyekuja kuhani haachwi asindikizwe na mbwa wa jirani. Wakatembea naye mpaka Maili Moja.

Huko turubai la mbio lilishakunjwa. Msimamizi akasema, "Bibi, mbio zimekwisha."

Bi Kudra akamjibu, "Zimekwisha kwako uliyekalia kiti. Huyu ndiyo kwanza anamaliza. Mpishe."

Akapishwa. Wafanyabiashara walipopata habari ya kilichomchelewesha, hakuna aliyeikana ahadi yake. Pikipiki ikanunuliwa, Stellamaris akafika Kisarawe yote, Msimbu ikiwemo. Laurentia aliumwa miguu wiki nzima, na kila aliyempa pole alimwambia, "Tafuta mwingine wa kumpa pole. Mimi nimefika."

Septemba 2024 aliugua saratani ya ini. Stellamaris alikuja nyumbani kila alipohitajiwa. Dawa ilipomtuliza, marehemu aliomba apelekwe uani, akawa anawaelekeza watu namna ya kumenya nanasi.

Alifariki Jumanne tarehe 4 Machi 2025, mchana, kitandani kwake Visiga. Alimwuliza mumewe kama amekula. Akajibiwa ndiyo, ingawa chakula kilikuwa kimefunikwa. Akafumba macho.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Mumewe ameomba lisomwe na hili: siku zile za mwisho, nyumba yake haikusikia kilio cha maumivu. Kilio kilichosikika ni cha waliobaki.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mama Deo, lala kwa amani.