Mita Mbili Ndani ya Kibati

Benchi letu liko nje ya kibanda cha fundi cherehani tunayemwita Mkasi. Jioni ile alikuwa amefunga kazi mapema, tena anameremeta. Binti yake amekuwa mwalimu. Kesho anaingia darasani mara ya kwanza, na amemwomba baba yake amtengenezee mfano wa DNA inavyokaa ndani ya seli: mita mbili za uzi, bobini za cherehani, na kibati cha dawa ya viatu kiwe ndiyo kiini cha seli. Tangu mtoto aingie sekondari, Mkasi hakuwahi kuombwa msaada wa masomo.

— Mita mbili ndani ya seli? akacheka Dalali, mwenzetu wa benchi. Acha kamba, fundi. Seli yenyewe hata huioni!

— Ndivyo alivyoniambia. Inazungushwa kwenye protini, kama uzi kwenye bobini. Halafu inakunjwa, inakunjwa tena.

— Na kila seli ina mita mbili zake? aliuliza Mama Kahawa, anayetuuzia kahawa hapo benchini, akimimina.

— Karibu kila moja.

— Loo! Ndiyo maana wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Sasa hiyo inaingiaje? nikamuuliza.

— Si mambo ya urithi hayo?

Dalali akapiga paja.

— Basi nimejua kwa nini watu wananenepa. Uzi umelegea!

— Wewe wako umefumuka wote, alisema Mama Kahawa, akimtazama kitambi.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mkasi hata hakutusikia. Alizungusha, akakaza, akapaka gundi, akashindilia kwenye kibati, kisha akakikalia kifuniko.

— Haifumuki hata lije tetemeko!

Binti akatokea.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu!

Baba akampa kibati kwa mikono miwili. Binti akafungua, akageuza geuza, akatabasamu.

— Baba, imependeza mno. Ila seli haiweki uzi tu, inausoma pia. Nikitaka kusoma hapa katikati, nafungulia wapi?

Dalali akachungulia kikombe chake. Mama Kahawa akatikisa birika, tupu.

— Tukate kidogo? nikashauri.

— Ukate DNA, mjomba?

Mkasi akausukuma mkasi wake chini ya benchi kwa mguu. Akachukua uzi mpya, akatufukuza tusogee.

— Kaa hapa, mwanangu. Nifundishe mimi kwanza.