Orijino na Kopi katika Shavu la Mzee Pyo

Shavu la Mzee Pyo lilikuwa limevimba kama la mtu aliyeficha kiazi mdomoni, na kijiwe cha mbele ya duka la Mama Ok, juu kwenye mteremko wa kisiwa cha Yeongdo, kilimpokea kwa huruma kidogo na ushauri mwingi. Walikuwepo Profesa, aliyeendesha lifti ya chuo kikuu hadi akajiona msomi, na Redio, ambaye hana kitufe cha kumzima. Jumamosi Mzee Pyo anamwoza bintiye, tena ndiye wa kumshika mkono ukumbini, na jino halimruhusu kutafuna hata kimchi, kabichi yao ya kuchachua. Juzi duka la dawa lilimpa vipakiti vyake, kila kimoja na vidonge vya kumeza baada ya mlo mmoja. Ila mfamasia alimwambia antibayotiki hiyo si ya kampuni iliyoigundua, ni ya wengine, lakini kazi ni ile ile. Basi roho yake ikaingia baridi.

— Kopi hiyo, kaka! alisema Redio. Mimi ninayo orijino, masalia ya mwaka jana. Tuzipime.

Akatumbukiza kidonge cheupe cha Mzee Pyo kwenye kahawa yake mwenyewe, na cha kwake chekundu kwenye kahawa ya Profesa. Cheupe kikayeyuka papo hapo.

— Mmeona? Haraka haraka haina baraka!

— Mjinga wewe, alisema Profesa. Kinachoyeyuka upesi ndicho kinachowahi kwenye damu.

— Kikishawahi? Kitazurura tu humo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa nzuri inatulia kwenye jino.

— Mfamasia anasema walipima damu za watu, alisema Mzee Pyo. Eti dawa inafika kiasi kile kile.

— Damu za vijana wa Seoul! Yako imejaa soju, kaka. Kopi italewa njiani.

— Suala ni jina, alisema Profesa. Vijidudu vinasoma. Vikiona chapa ya kampuni kubwa kwenye kidonge, vinafungasha virago vyenyewe.

Mzee Pyo akacheka, shavu likamwadhibu. Alikuwa anaogopa, na kubishana kulimsahaulisha.

Yun-hui, bintiye, akapanda mteremko na suti ya baba yake mkononi. Akachungulia vikombe.

— Shikamooni. Mnafanya nini?

— Tunalinganisha antibayotiki, mwanangu.

Yun-hui akachukua kipakiti kisichofunguliwa, akakiinua kwenye mwanga. Vidonge vitatu: cheupe, cha njano, cha rangi mbili.

— Antibayotiki ni ipi hapa?

Redio akamtazama Profesa. Profesa akatazama kahawa.

— Na wewe baba, tangu juzi umemeza ipi?

— Bado hata kimoja, alisema Mzee Pyo.

— Tulikuwa tunasubiri matokeo, Profesa akamsaidia.

Yun-hui akakichana kipakiti, akammwagia baba yake vyote kiganjani.

— Meza, baba. Au Jumamosi nishikwe mkono na Redio?