Mwalimu Eusebio Madamba, Aliyeitafutia Kumi Mwenzake

Marehemu Eusebio Madamba alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 huko Batac, Ilocos Kaskazini. Baba yake, mzee Fortunato, alilima tumbaku. Mama yake, Basilisa, alijaliwa mtoto mmoja tu baada yake, Perpetua, ambaye ndiye ametusimulia mengi ya haya.

Alisoma kijijini, kisha chuo cha ualimu Laoag, akahitimu mwaka 1974. Alifundisha hesabu miaka thelathini na nane bila kushika fimbo.

Mwaka 1978 alisoma jaridani habari iliyomnyima raha. Chukua namba zinazoigawa kumi bila baki: moja, mbili, tano na kumi yenyewe. Jumla ni kumi na nane. Gawa kwa kumi, unapata moja nukta nane. Namba zinazopata jibu lile lile huitwa marafiki. Sita na ishirini na nane, kwa mfano, zote hupata mbili. Rafiki wa kumi hajaonekana, wala hakuna aliyethibitisha kwamba hayupo. "Vidole vyote kumi vina wenzao," alikuwa akiwaambia wanafunzi, "ila jumla yake haina mwenzake."

Agosti 1979 aliwaita walimu wenzake ubaoni: amempata, ni 225! Jumla ya namba zinazoigawa ilitakiwa iwe 405, yaani 225 mara moja nukta nane, nayo ilitimia. Herminia Tabios, mfumaji aliyekuja kuuza mablanketi shuleni, akachungulia.

"Mwalimu, hiyo arobaini na tano umeiandika arobaini na saba. Sisi tukikosea nyuzi mbili tunafumua."

Jumla ikawa 403. Walimu walicheka mpaka machozi, na marehemu akanunua blanketi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye na Herminia walifunga ndoa tarehe 24 Mei 1980, wakajaliwa binti mmoja, Nenita, ambaye sasa ni muuguzi Honolulu.

Herminia alifariki tarehe 9 Februari 2012. Wafu wetu tunawawekea sahani ya chakula siku za kumbukumbu, lakini marehemu alimwekea mkewe kila jioni, miaka kumi na moja.

"Kaka, wewe unakula na sahani, halafu unaihurumia namba!" Perpetua alimkemea. "Hamia kwangu, bwana."

"Nikihama, Herminia atakula na nani?"

Basi Perpetua aliahidi kuja kila Jumapili. Alikuja Jumapili chache. Majuto ni mjukuu, na ameomba iandikwe hivyo.

Juni 2023 mapafu yalianza kumsumbua marehemu, akalazwa Laoag. Nenita alipiga simu kila siku.

"Baba, umempata?"

"Bado, mwanangu. Lakini nani kasema hayupo?"

Asubuhi ya tarehe 19 Agosti, saa tatu, Perpetua alitoka kumnunulia uji wa wali. Aliporudi alimkuta kaka yake amekwisha kufariki, peke yake, daftari likiwa wazi kifuani. Uji ulikuwa bado wa moto.

Ameacha binti, Nenita; wajukuu wawili; dada yake Perpetua; na madaftari kumi na tisa, ambayo Nenita amesema yasifukiwe.

Funguo za nyumba anazo Perpetua. Jioni ya leo ataweka sahani mbili pale mezani, ya Herminia na ya kaka yake, kisha atavuta kiti naye akae. Na Jumapili atakuja.

Mwalimu apumzike kwa amani, wala asipumzike peke yake.