Page Yangu Ilipongeza Mujane

Bandugu ba mu Bwana, nabasalimia bote, ba mbele na ba kule nyuma benye banapenda kuikala karibu na mulango. Bwana eko muzuri, alinitosha mbali.

Nitaanza na ile yenye inaniletea haya, ju nikichelewa nitatoroka. Page yangu ya kazi ku telefone, yenye nilikuwaka nalipia kila mwezi, ilipongeza mujane ju bwana yake alikufa. Iko paka vile. Mujane mwenyewe ni Mama Ngalula, eko hapa mu kanisa, banc ya tatu, na alinipa ruhusa ya kusema yote. Aliniambia tu: "Usiongeze chumvi." Bandugu, munaniyua. Chumvi kidogo itaanguka.

Benye habaniyue: miye ni Papa Désiré wa biti. Kule Kampemba ukikuwa na ndoa, ubatizo ao kilio, unakuya kwangu. Ninapangisha biti bya plastiki, bya kuikalia, na mabâche ya kufunika bantu na jua. Masomo nilifika ya pili secondaire, na ile ya pili niliifanya mara mbili, hapana ju niliipenda. Rafiki yangu Ilunga, mwenye tunasukuma naye pusupusu ya biti, tulitoka ku masomo siku moja. Yeye alipita ku mulango, mi nilipita ku dirisha.

Sasa musikie namna kazi yetu iko, ju bila ile hamutaelewa zambi yangu. Ndoa, tunasikilizana ku telefone, biti ngapi, bei ngapi, kwisha. Kilio, hapana. Kilio hausemake bei ku telefone. Unaenda kwanza weye mwenyewe, mikono mutupu, unaikala chini, unanyamaza, unalia kama machozi iko. Kisha njo muntu wa familia anakuita pembeni, anakuambia biti ngapi.

Mwenye alinifundisha ile ni Papa Ngalula, bwana ya Mama Ngalula. Alifanyaka kazi ku reli. Pale nilikuwa kijana wa bure, njo yeye alinipa bâche yangu ya kwanza, ya zamani, na matundu yake. Akaniambia: "Désiré, hii inafunika bantu benye banalia. Siku utasahau ile, uirudishe kwangu." Nilicheka. Nilifikiri ni maneno ya muzee.

Mwaka jana kijana moja akakuya kufanya formation, mafundisho ya page, mu salle moja ya mu muji. Tulimuita Ingénieur. Ingénieur wa nini, mpaka leo siyue, lakini kravati yake ilikuwa murefu kupita masomo yangu. Mi nilikuwa na page ya bure, na picha ine: tatu za biti, moja ya kidole yangu. Na ile page ya bure ilikuwa inafanya kazi, bandugu. Muntu anaandika, mi najibu, Ilunga anasukuma. Lakini Ingénieur akasema: "Page ya bure ni ya bantu ba bure. Hapa hauna lazima ya kuyua mambo ya ordinateur. Unavuta picha na kidole, unaachia, page imesimama. Unalala, yenyewe inajibu baclient." Alituambia tuinue mikono kama tunataka kubarikiwa. Mi niliinua yote mbili. Hapa mu kanisa ninainuaka moja.

Nikachukua page yake, mwezi ya kwanza ilikuwa bure. Ya pili telefone ikaanza kukata mafranga peke yake. Banakuambia uchague modele, ni kusema sura ya page. Kulikuwa modele ya saluni, ya restaurant, hata ya bantu benye banaoshaka mbwa. Ya mbwa, bandugu. Ya kilio haikuwa. Ile kampani iko mu dunia hii, inakula mafranga yetu, na haiyue kama bantu banakufa. Basi nikachagua modele ya sherehe. Nikavuta na kidole, nikaachia, mabaloni ya rangi ikaanza kupanda ku kioo ya telefone kama nilipata mutoto.

Nikaita bibi yangu aone. Aliangalia sana. Akaniuliza: "Na siku ya kilio?"

Nikamujibu: "Mama, weye hauyue teknolojia."

Lakini ile neno ikaniuma. Nikatafuta namna ya kutosha mabaloni. Page ikaniandikia: kutosha mabaloni, lipa abonnement ya juu. Musikie vizuri. Kuweka ni bure, kutosha ni kulipa. Mi muntu wa biti, nikikuletea biti na ukisema nibirudishe, nitakulipisha ju ya kubeba byangu? Utanipiga, na utakuwa na haki. Lakini kama ni telefone njo inatuibia, tunaandika "merci".

Nikaacha mabaloni pale. Nikaenda Sakania, kule ku mupaka, kununua biti bipya, byenye bantu banatosha ngambo ya Zambia. Mbele ya kwenda, Ilunga akaniuliza: "Bantu bakikuya, niseme nini?"

"Ubaambie baandike ku page. Weye usijibu kitu. Mashini itajibu."

Ilunga alipanguza tu kiti yenye ilikuwa safi.

Siku ya pili yangu kule, Papa Ngalula akakufa. Mudogo yake, Papa Mukendi, akakuya kwangu. Ilunga akamutuma ku page, vile nilimwagiza. Papa Mukendi akaandika kama kaka yake mukubwa amekufa na banaomba biti na mabâche. Page ikamujibu pale pale: "Félicitations, hongera sana! Tunafurahi pamoja na familia yenu ju ya hii siku kubwa. Ongezeni mashini ya muziki, mupate punguzo." Akaandika tena: "Ni kilio." Page ikajibu: "Asante kwa kutuchagua. Bageni ngapi banakuya kufurahi?" Na ile yote alikuwa anaisoma na sauti kule ku kilio, mbele ya Mama Ngalula na bamama benye balikuwa banalia, ju alifikiri ni bei. Na ku kioo, mabaloni.

Mi nilirudia siku ya tatu, na biti byangu bipya, na nyimbo ku mulomo. Ilunga alikuwa ananingoya ku parking na pusupusu. Hakunisaidia kushusha.

"Kaka, Papa Ngalula alikufa."

Nikaanza kulia.

"Ngoya, usimalize machozi. Page yako ilibapongeza."

Nikafikiri anacheka. Akanionyesha ku telefone. Bandugu, nilisoma mara tatu. Mi mwenye masomo ilinipita, ile siku niliomba nisiyue kusoma.

Tukapita mu quartier. Mama wa makala akanisalimia: "Félicitations, Papa Désiré." Wa kuuzisha mikate naye: "Félicitations." Pale mbele ya nyumba ya kilio niliona biti bya mwenzangu, mwenye kufanya kazi kama yangu upande ya pili ya soko. Niliomba bivunjike. Bwana hakunisikia, na jina yake itukuzwe, ju bantu bazee balikuwa beko juu.

Hasira ikanishika. Nikaandikia ile kampani: munaniaibisha, muliumiza familia, mutoshe ile page leo. Munayua banajibu nini? "Asante kwa maneno yako mazuri. Utupatie nyota tano." Kule hakuna muntu. Nilikuwa nalipia kila mwezi nyumba yenye haina muntu ndani. Ingénieur naye nikamupigia. Akaniambia ni kosa yangu, hapana ya page, nilipashwa kulipa formation ya pili.

Basi nikaingia mu chumba, nikapiga magoti. Sikuomba muzuri, nasema kweli. Nilianza kumupelekea Bwana mashitaki yangu: Ingénieur, kampani, mabaloni. Nilisema mingi. Na pale katikati, Bwana akanikumbusha ile bâche ya zamani. Siku utasahau, uirudishe. Nikaacha mashitaki. Ju kweli kampani ilikosa, na Ingénieur ni mwizi na kravati yake, lakini Ilunga alikuwa ku mulango, na mi njo nilimukataza kujibu. Mi njo nilisahau.

Nikatosha bâche mu depo, nikaikunja, nikaibeba ku bega. Nikaenda ku kilio ile saa ya muchana, bantu bakiwa mingi. Sikuikala ku kiti ya mwenzangu. Niliikala chini. Papa Mukendi akasimama.

"Weye njo ulitupongeza?"

Nikafungua mulomo: "Papa, ile ni mashini..."

Mama Ngalula alikuwa ku mukeka, mutu yake imefungwa kitambaa. Hakuniangalia hata. Akauliza: "Ile mashini inabebaka jina ya nani?"

Bandugu, ile ulizo haina mulango wala dirisha. Juu ya ile page, na herufi kubwa, kuliandikwa jina yangu. Nikasema: "Yangu, mama. Jina ni yangu. Papa aliniambia nikisahau nirudishe bâche. Nilisahau. Niko hapa kuirudisha." Nikaiweka chini mbele yake. Nikangoya. Niliyua kama akiichukua, mi siko tena Papa Désiré wa biti, hata nikuwe na biti elfu. Niko muntu wa plastiki.

Alishika ile bâche. Akapitisha kidole mu matundu. 

Kisha akasema: "Bamama benye banasonga bukari ya unga kule nyuma beko mu jua tangu asubui. Tandika pale."

Nilitandika. Ilunga, mwenye alinifuata, njo alifunga kamba. Kisha nikaikala chini ya ile bâche, karibu na sufuria, nikalilia Papa Ngalula vile nilipashwa kumulilia siku ya kwanza. Bamama balifikiri ni moshi. Njo pale Bwana alinifungua.

Ile siku ile ile nikafunga page. Nikitaka kufunga, kioo ikaonyesha uso ya kulia machozi: "Unatuacha? Tunasikitika sana." Bandugu, nilisimama na telefone mu mukono. Kumbe ile mashini inayua kusikitika. Papa Ngalula alikufa, ikaleta mabaloni. Mi nikiacha kulipa, inalia. Na picha zangu zote ikabakia nazo, ikasema nitazipata nikirudia kulipa. Ibakie nazo, hata ile ya kidole.

Bantu bananiuliza: Papa Désiré, ile page ya kulipia iko na faida? Siseme uongo mu kanisa. Dada wangu mudogo anauzisha viatu, bateja yake beko mbali, eko nayo na inamusaidia, ju kiatu ni kiatu, na anajibu bantu yeye mwenyewe. Lakini mi nililipia nini? Nililipia ili nisiwe pale. Ile ya bure ilikuwa inanisumbua, inanipigia kelele, inanilazimisha nijibu muntu, na ile kusumbuliwa njo ilikuwa kazi yenyewe. Leo niko na page ya bure, na kibao ku mulango, niliiandika na rangi. Ingénieur akikuya tena na salle yake, mumwambie Papa Désiré anamungoya na biti, biko na misumari.

Na weye mwenye ulibebesha mashini mambo yenye Mungu alikupa weye, ndoa yako, bazazi bako, kazi yako, ukuye mbele leo. Tumutumainie ule Bwana mwenye, pale nilimulilia, hakunitumia jibu yenye iliandikwa mbele. Alinisikia mi, na jina yangu, na matundu yangu. Amina.

Ile ushuhuda niliitoa siku ya yenga, ile siku ya ibada. Kisha ibada tulikuwa tunasukuma pusupusu mi na Ilunga, tunapeleka biti ku ndoa moja, na mi nilikuwa nangoya anisifu. Akasukuma mpaka ku kona ya soko. Pale njo akasema:

"Kaka, ulisema muzuri. Lakini siku ingine ukienda Sakania, uniachie mi ile telefone. Mi sina mabaloni, lakini kulia nayua."