Vitambulisho vya Wenzangu

Asanteni kwa makofi, lakini ngojeni kwanza. Mkisikia nilichofanya huenda mkataka mrudishiwe. Mama mchungaji amenipa dakika kumi, na ananijua, zitapita.

Mimi natoka Kasigau, chini ya mlima. Wenye mashamba huko mnajua: pojo zikikaribia kuvunwa, ndovu naye yuko njiani. Mwaka ule wa uchaguzi waliingia kwa wenzangu, wakala, wakakanyaga, wakang'oa hata fito za ua. Langu liko karibu na shule, likapona.

Sasa ukitaka fidia unajaza fomu, na fomu haiendi bila kopi ya kitambulisho. Kwetu mashine ya kopi hakuna. Barabara yenyewe mnaijua, ukifika hapa Voi umekuwa mwekundu kichwani mpaka viatuni. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: anayeshuka Voi anabeba vitambulisho vya wote. Miaka yote hakuna hata kimoja kilichopotea. Na kwa vile nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama, mbebaji alikuwa mimi.

Nikakusanya ishirini na vitatu, nikavitia kwenye kikapu changu. Changu kikabaki pochini, maana shamba langu halikuguswa. Shikeni hilo, ndugu zangu, ndilo lililonichoma.

Kabla sijashuka, akaja mtu. Simtaji jina, hata mkinibembeleza. Alikuwa anamfanyia kampeni mmoja wa wagombea wa kiti cha wadi, na alijua fika sisi akina mama hatuko upande wake, tulishamwambia machoni. Akanywa chai yangu, akasifu maandazi yangu. "Mama, uende kuumia mgongo na mimi nashuka saa hii na gari? Nipe nikutolee hizo kopi, kesho nakuletea." Nikampa. Tena nikamshukuru! Nikamfungia na maandazi ya njiani.

Kesho haikufika. Nikipiga simu, yuko Mombasa. Nikipiga tena, yuko mkutanoni. Asubuhi ya kura, simu imezimwa.

Wenzangu walienda kituoni hivyo hivyo, wakidhani watahurumiwa. Karani akasema bila kitambulisho hawezi, hata kama mtu anamjua, na kweli wengine aliwajua. Wakatolewa kwenye laini mmoja mmoja. Na mimi? Mimi nilipiga kura. Si nilikuwa na changu! Nikatoka na wino kidoleni, na jirani yangu, mama mzee aliyenifundisha kusuka vikapu, akakitazama kile kidole. "Kumbe chako ulikiweka," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke nimezwe.

Mgombea wa yule bwana akatangazwa mshindi, kwa kura zisizofika mia. Mimi kijiji kikanihukumu siku hiyo hiyo. Niliona haya kusema nilivitoa kwa mikono yangu, wakaamini nimeviiba. Ukatibu nikanyang'anywa. Kanisani nikikaa benchi, benchi lote linakuwa langu. Nikawa nachota maji saa saba mchana, jua likiwaka, ili nisikutane na mtu. Iliniuma, wapendwa. Iliniuma sana.

Wiki mbili baadaye yule bwana akarudi na kikapu changu, vitambulisho vyote ndani. Hata haya hana. "Wape wenyewe," akasema. "Waambie vilikuwa kwako, ulisahau kuvipeleka. Yaishe. Mheshimiwa atakukumbuka." Na mimi nilikubali. Msinitolee macho, nilikubali! Nilikuwa nimechoka kuchukiwa. Nikaona heri niitwe msahaulifu kuliko mwizi.

Njia nzima nilikuwa naukariri ule uongo. Nikawakuta wamekusanyika, nikaanza kugawa. Yule mama mzee akapokea chake, akakifuta vumbi kwa leso yake, akaniuliza, "Vilikuwa wapi?" Swali dogo tu. Uongo ukakataa kutoka. Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Nikasema yote: nilimpa nani, alikunywa chai wapi, amenituma niseme nini. Nililia mpaka kamasi. Na nilipomaliza hakuna aliyenikumbatia, msidhani. Mama mzee akasema, "Haya. Sasa ukayaseme hayo mbele ya hakimu."

Kesi ya kupinga matokeo, mgombea aliyeshindwa alikuwa ameshaifungua. Vitisho vikaanza: utafungwa wewe, wewe ndiye uliyekusanya. Mwingine akaniambia nitahama Kasigau. Nikamwambia ndovu wameshindwa kunihamisha, sembuse wewe!

Kortini wakili wao akanizunguka. "Nani aliwaomba akina mama vitambulisho?"

"Ni mimi."

"Na wewe ulipiga kura?"

"Nilipiga."

"Kwa hiyo kosa ni lako."

"Langu nimelikiri. Sasa muulize na yule pale, mwenye koti la kijivu, la kwake."

Hakimu akaniambia nijibu ninachoulizwa tu. Sawa, nilikuwa nimeshajibu.

Kesi tulishindwa. Wacha niseme wazi, msije mkangoja niwaambie tulibebwa juu juu. Hakimu alisema kura ishirini na tatu hazingebadilisha matokeo. Labda ni kweli. Lakini kila mmoja wa wale ana jina, na aliyetolewa kwenye laini anajua alitolewa, na aliyemtoa sasa anajulikana mpaka Voi.

Namshukuru yule mama mzee. Siku tatu za kesi alikaa benchi la mbele akisuka, mpaka askari akamkataza. Namshukuru mama mchungaji aliyetulaza kwake. Wenzangu wa kikundi ukatibu hawajanirudishia, na wana haki, lakini wananisalimia, na nachota maji asubuhi kama watu wengine.

Ninachowaachia ni hiki: kitambulisho chako usimpe mtu. Iwe fidia, iwe mahindi ya msaada, iwe basari ya karo ya mtoto. Hata mimi usinipe! Ukitaka kopi, panda gari, simama hapo penye mashine, rudi nacho. Kwetu siku hizi tunashuka sote, vumbi tunagawana.

Uchaguzi mwingine unakuja. Asubuhi hii nimeonywa nisizungumze, eti watu wa yule bwana huenda wako humu ndani. Karibuni sana, baba zangu. Kitambulisho changu ndicho hiki, nakiinua mkione vizuri. Anayekitaka aje akichukue mbele ya watu hawa wote.